Jiwe la Mpaka Uani Kwetu

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla ya salamu naomba radhi. Barua yako ilinifikia tangu mwezi wa kwanza. Niliiweka chini ya redio ili nisiisahau, na tangu siku hiyo kila nikitaka kusikiliza habari naiona bahasha, naona haya, nairudisha redio mahali pake bila kuiwasha. Hivyo nimekaa bila kukujibu, na bila kujua ulimwengu unakwendaje. Walimu wetu wa misheni walizoea kusema kwamba barua isiyojibiwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni. Nimekuacha mlangoni muda mrefu, nami najua huko uliko kuna baridi. Tafadhali unisamehe.

Sasa salamu. Sisi hapa tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako anakusalimu sana. Sikio lake la kushoto limestaafu, na la kulia hufanya kazi pale anapopenda mwenyewe. Tangu dada yangu huyo alipohamia kwangu baada ya msiba wa mkaza mjomba wako, nyumba imepata sauti tena, ijapokuwa ni sauti ya kunigombeza. Goti langu ni lilelile. Bati la jikoni limetoboka juu kabisa ya meza, tukaihamisha meza, nalo likatoboka tena pale meza ilipohamia. Sasa tumeacha kushindana nalo.

Jirani yetu Fundi Cherehani amekwisha kushona bendera za nchi mnayoihangaikia, amezijaza kabati tele. Kila asubuhi hunipigia kelele kutoka kibarazani kwake: "Mzee, mkishindwa, nitazigeuza foronya! Mkishinda, leteni foronya zenu nizigeuze bendera!" Humjibu kwamba kwa vyovyote vile yeye hatalala njaa.

Kuhusu lile uliloniuliza, yaani mawe ya mpaka wa zamani, nimelisoma na kulirudia. Ni jambo zito, na mimi pia siku hizi ni mzito. Niruhusu nilitafakari.

Barua hii ataichukua muuguzi wa zahanati, anayekwenda mjini kufuata dawa. Ataifikisha ofisi ya chama chenu, nao wataitia katika mkoba wao wa kuja huko.

Mjomba wako.


29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika, na kabla sijaifungua niliinusa, maana bahasha ina harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Mwambie Mama pole ya sikio, na kwamba hata mimi ninalo sikio la namna hiyo, hasa Wakili Mkuu anapoita siku ya Jumapili. Mwambie pia ninakula. Najua ndilo swali lake la kwanza.

Mimi mzima, ila nimechoka, Mjomba, uchovu usiotoka kwa kulala. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la miwani. Tuko watatu, pamoja na mashine ya fotokopi inayokohoa kuliko sisi sote. Katika mahakama ya mataifa tunakaa safu ya nyuma. Wenzetu mbele yao kuna vibao vyenye majina ya nchi zao. Chetu kimeandikwa "Waalikwa". Juzi mhudumu alinipita na chai akadhani nimekuja kufuta meza.

Umeniomba muda, nami nakuheshimu, lakini niruhusu nieleze upya, huenda mara ya kwanza niliandika kiwakili mno. Majaji wameulizwa kama watu wa kwetu waliwahi kupewa nafasi ya kuchagua. Wewe unajua jibu. Mkoloni wetu alipofunga virago alitukabidhi kwa nchi jirani, kama mtu anayehama anavyomwachia jirani paka. Hakuna aliyetuuliza. Sheria ya mataifa inasema watu waliotawaliwa wana haki ya kujiamulia wenyewe, na haki hiyo haiozi kwa kukaa. Hapo tuko imara.

Tunapoyumba ni kwenye ardhi. Nchi inayozaliwa hurithi mipaka ileile aliyoichora mkoloni, ipende isipende. Ndivyo walivyokubaliana ili watu wasichinjane kwa kila kijito. Mawakili wa jirani wanasema sawa, watu mpo, lakini nchi yenu inaishia wapi? Ramani ya zamani tunayo. Ila pale kwetu misheni mstari ulichorwa kwa kalamu nene, kiasi kwamba unene wake peke yake unafunika kisima, makaburi na nyumba zote za nyuma ya makaburi. Mmoja wao alisimama akasema, "Nchi isiyo na ukingo ni ukungu." Watu walicheka. Hata mkalimani alicheka kabla ya kututafsiria.

Mjomba, ninyi wanafunzi wa misheni ndio mliokuwa mkipelekwa kuyapaka mawe hayo chokaa. Wenzako wote wametangulia. Ninachoomba ni ukurasa mmoja, ulioapiwa mbele ya hakimu wa mjini: mawe yalitoka darajani, yakafika kisimani, kisha yakapita wapi, mbele ya makaburi au nyuma yake? Mwisho wa kupokelewa ni mwisho wa mwezi wa saba.

Barua hii inaletwa na mkoba wa chama hadi mjini, na kutoka hapo muuguzi wako asipochoka na sisi.

Mpwa wako.


17 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na samahani tena. Ningeweza kusingizia goti, au mvua iliyokata barabara, na vyote viwili ni kweli, lakini hakuna hata kimoja kilichonizuia kushika kalamu. Basi niseme tu kwamba nimechelewa.

Mama yako hajambo. Amenunua shuka mbili kwa Fundi Cherehani, akagundua zina rangi za bendera, akazirudisha. Fundi akamwambia azilalie kwanza apate kuzoea uhuru. Hawajaongea tangu Jumanne.

Walikuja vijana wawili wa chama chenu, na chombo chao cha miguu mitatu cha kupimia ardhi. Walikuwa na adabu, walivua viatu mlangoni. Waliniuliza habari za mawe, nikawaeleza tulivyokuwa tukifanya, na sioni ubaya kukueleza wewe pia. Kila kiangazi tulipangwa mstari, bruda, mtawa wa misheni, mbele na fimbo yake, sisi nyuma na ndoo za chokaa. Kila jiwe lilipewa watoto wawili. Lakini tulipaka uso mmoja tu, uso wa upande wetu. Ule wa pili ulikuwa wa mkoloni mwingine, aliyetawala ng'ambo ya mpaka, na watu wake walikuja kuupaka juma lao. Sisi tulitumia chokaa, wao rangi ya mafuta. Basi jiwe moja lilikuwa na weupe wa namna mbili, na mvua ikinyesha wa kwetu ulichuruzika, wa kwao ukabaki. Tulimwuliza bruda kwa nini tusipake pande zote tukawasaidia wenzetu. Akasema huo ungekuwa uvamizi. Hadi leo sijui kama alitania.

Kutoka darajani hadi kisimani naweza kukutajia jiwe moja baada ya jingine. Kupita kisima, niwie radhi, kumbukumbu yangu inaingia ukungu, kama alivyosema yule wakili wao. Vijana waliniuliza mara mbili kwa upole. Mama yako, aliyekuwa hasikii chochote mchana kutwa, akasema kutoka jikoni kwamba mzee amechoka na wanywe chai yao.

Na kweli nimechoka, mwanangu. Nimeishi chini ya bendera tatu bila kuhamisha kiti changu: ya mkoloni, ya jirani, na ya jirani alipobadilisha rangi zake. Kila mara tuliambiwa tutoke nje tushangilie. Nilitoka, nikashangilia, nikarudi, na kiti kilikuwa palepale. Sisemi kwamba kazi yako ni bure. Mungu apishe mbali. Nasema tu miguu ya kutokea nje imepungua.

Jumamosi nilikwenda kama kawaida kumtembelea mkaza mjomba wako. Makaburi ni safi, yule mfagiaji mzee, Babu Fagio, anayatunza vizuri. Nafasi iliyo ubavuni pa mke wangu bado iko wazi. Nimepanda maua ili mtu asije akadhani haina mwenyewe.

Atakayechukua barua ni dereva wa gari la mikate, kwa kuwa muuguzi yuko likizo.

Mjomba wako.


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za mahakama, nikaisoma tena ndani, wakati wakili wa jirani anaongea. Sikumsikia hata neno.

Salamu kwa Mama, na kwa Fundi pia, wakipatana.

Nakumbuka jiwe la kufulia, Mjomba. Lile la uani, lenye namba ubavuni. Mkaza Mjomba aliniketisha pembeni yake akifua, akashika kidole changu akakipitisha juu ya ile tatu na ile moja, mpaka nikajua kuziandika. Namba zangu za kwanza ni hizo. Nikamwuliza jiwe limetoka wapi. Akacheka, akasema jirani alipotuchukua, watu wote walikimbilia mawe ya mpaka, huyu kizingiti, yule mafiga, naye akaona asibaki nyuma. Akaenda kuviringisha lake kutoka pale baada ya kisima, kabla ya geti la makaburi.

Kabla ya geti, Mjomba. Kwa hiyo mstari ulipita mbele ya makaburi, na makaburi yako ng'ambo. Hujasahau kitu. Tukishinda kwa maneno yako, pale kisimani patawekwa kizuizi na askari, na utaomba kibali kwenda kumwona mkeo. Na siku yako ikifika, sijui watamwomba nani kibali cha kukupitisha.

Kwa hiyo naandika lile ambalo wakili hatakiwi kuandika. Jiwe lenyewe halipo tena mahali pake. Wenzako hawapo. Ramani inakubali kote kuwili. Ukisema mawe yalipita nyuma ya makaburi, hakuna mtu duniani wa kukupinga. Nchi itapata ukingo wake, na Mkaza Mjomba atakuwa ndani.

Wewe uamue. Nitaupokea ukurasa wowote utakaouleta.

Mpwa wako.


19 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Ile barua ya tarehe mbili tafadhali itie jikoni, iwashie moto. Niliiandika nikiwa na hasira na watu waliocheka. Wakili Mkuu nimemwambia shahidi wetu ni mzee na hali yake si nzuri, na kwamba tutafute njia nyingine. Aliniuliza njia ipi. Nikasema nitafikiria. Hakuna njia nyingine, lakini hilo ni langu, si lako.

Kula vizuri. Msalimie Mama.


11 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili, na kwa zote mbili nakuomba msamaha kwa kunyamaza. Ile uliyoniagiza niichome nimeichoma. Mama yako aliniuliza nachoma nini, nikasema bili. Akasema zimekuwa na mwandiko mzuri siku hizi.

Habari za nyumbani ni njema. Dada yangu na Fundi wamepatana, shuka zimerudi. Vijana wa chama walikuja tena, wakaliona jiwe la kufulia, wakataka kulichukua liwe ushahidi. Mama yako alilikalia, beseni mapajani, akawaambia wampige picha hapohapo akiwa juu yake. Wakapiga. Ikikufikia utaona jiwe kidogo na mama yako kwa wingi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ulichoniandikia, mwanangu, mimi nilikuwa nimekiwaza kabla yako. Tangu mwezi wa kwanza, kila usiku nililihamisha jiwe lile kichwani mwangu na kuliweka nyuma ya makaburi, na kila asubuhi nililikuta linanipendeza. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia hakimu. Kwa hiyo usijione mwovu. Tulilala kitanda kimoja cha mawazo, wewe huko, mimi huku.

Jumamosi iliyofuata kufika kwa barua yako nilikwenda makaburini. Babu Fagio alikuwa amekaa ukingoni mwa njia anakula mkate. Nyumba yake unaijua, ni ile ya kwanza nyuma ya makaburi, na baada yake ziko nyingine, na nyingine, mpaka kwenye shule yao. Niliketi karibu naye. Nikaona kwamba jiwe langu, pale nilipoliweka kichwani, lilikuwa limepita nyuma ya mgongo wake na nyuma ya hao wote. Nilikuwa nimewatia katika nchi yangu hali wanakula mkate.

Nikamwuliza, kwa kuwa sikuona namna ya kutouliza. Nikasema, "Fagio, mambo haya ya mahakama yakiisha, wewe ungependa uwe wa upande gani?"

Alitafuna kwanza akamaliza. Akasema, "Mzee, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza."

Kisha akasema, "Mimi wa huku. Baba yangu ndiye aliyekuwa akipaka ule uso wa pili. Alikuwa anawacheka chokaa yenu." Akakung'uta makombo, akachukua ufagio wake. "Lakini mkeo nitamfagilia. Hilo halina upande."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako, kwa sauti, kwenye sikio la kulia. Nilimwambia kwamba nikisema kweli mke wangu atabaki nchi ya watu. Akafikiri, akanijibu, "Kaka, aliyelala hahitaji pasipoti. Wewe ndiye utakayeihitaji." Nadhani lilikuwa neno la kunifariji. Kwake mtu hana hakika.

Basi nimekwenda mjini kwa hakimu, nikiwa na fimbo na shati jeupe. Nimeapa. Nimesema mawe yalitoka darajani, yakafika kisimani, yakapinda mkono wa kushoto, na kupita mbele ya geti la makaburi. Nimesema jiwe la thelathini na moja lilikuwa pale kabla ya geti, na kwamba nililipaka mimi mwenyewe, uso mmoja. Hakimu aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia samahani, ninao. Karani alipogonga muhuri nilisikia uchovu umenishuka hadi kwenye viatu, nikaomba kuketi kidogo, wakaniletea maji.

Najua wakili atafurahi na mpwa atalia. Fanyeni zamu. Mimi sikuwatetea majirani zetu kwa sababu ni watakatifu. Lakini kosa tulilofanyiwa nalijua lilivyo. Nimeliishi katika kiti changu kile. Tulihesabiwa pamoja na ng'ombe na madaraja, tukakabidhiwa. Sikutaka nchi yako ianze kazi kwa kuwafanyia hivyohivyo watu wa nyumba kumi na tano, eti kwa ajili ya mapenzi ya mzee mmoja, hata kama mapenzi yenyewe ni ya kweli.

Nina ombi moja, nawe ukiona ni zito liache. Mkishinda, mtaketi na jirani mezani kuandikiana mambo ya njia, maji na mifugo. Nasikia mikataba ya namna hiyo huwa mirefu. Mahali fulani katikati, pasipowachosha wasomaji, andikeni kwamba jeneza likifika pale kisimani lisizuiwe. Wala msiweke jina langu. Wako na wengine, pande zote mbili, waliozika upande wa pili. Na msiposhinda, basi nitapita kama ninavyopita sasa, nawe urudi nyumbani ulale.

Barua hii, pamoja na maelezo yangu yenye muhuri, anaichukua Babu Fagio, kwa kuwa dereva wa mikate ameharibikiwa na gari na tarehe yenu inakaribia. Anakwenda mjini kutibiwa macho. Atapita ofisi ya chama. Hawezi kusoma maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea yote kwanza, tukiwa uani, neno kwa neno, ajue anachobeba. Aliniomba nirudie pale penye jiwe. Kisha akaiweka katikati ya gazeti, gazeti akaliweka ndani ya koti, akasema nisiwe na wasiwasi, hataikunja.

Mjomba wako.